Kutia Chumvi

Kazi yangu ni kutia chumvi.
Nikimwambia mama mdogo hivyo kwenye simu
hucheka mpaka akapaliwa:
hiyo si kazi, mwanangu, hiyo ni tabia.
Lakini ni kazi, ina mshahara na kitambulisho cha shingoni.
Nakaa zamu ya usiku mjini Elgin, kaskazini ya Uskoti,
nikikadiria ni barabara ipi itamgeuka mtu kabla hakujapambazuka,
na malori yatoke na tani ngapi,
gramu kumi au ishirini kwa mita ya mraba.

Utotoni niliambiwa dalili ya mvua ni mawingu.
Barafu haina adabu hiyo.
Yenyewe hupenda mbingu tupu:
usiku ukivuliwa shuka la mawingu
joto la lami huondoka bila kuaga,
na nyota zikimwagika, nyingi, za kuitia watu nje,
mimi huagiza chumvi.

Skrini ya kushoto ni ya hewa:
unyevu, upepo, umande,
na kipimo kilichozikwa ndani ya lami, kidogo kama kifungo cha koti.
Skrini ya kulia ni ya magari.
Kila gari nukta, kila nukta na mwendo wake.
Naiamini zaidi ya kulia.
Mguu wa dereva mzoefu husikia kabla ya kipimajoto;
watu watatu wakipunguza mwendo mahali pamoja,
pasipo kona, pasipo paa, pasipo kondoo,
ujue barabara imewanong'oneza.

Jumanne ile programu ilisema asilimia kumi na mbili.
Chini ya thelathini hatumwamshi mtu.

Saa kumi na dakika nane alfajiri
gari moja lilipita kihesabio cha kwanza, barabara ya Tomintoul,
maili arobaini kwa saa, mwendo wa mtu anayewazia kitanda.
Kihesabio cha pili kiko maili tatu mbele.
Dakika tano.
Dakika saba. Chai yangu ikaota utando.
Dakika kumi na moja.
Programu haikushtuka. Haikufundishwa kuhesabu gari lisilofika;
kwake, kimya ni barabara tupu.

Nikampigia Torquil Geddes, aliyelala na buti bohari,
kando ya lori ambalo watoto wa shule wamelibandika jina Bibi Chumvi.
Asilimia ngapi? akauliza.
Nikaitazama ile kumi na mbili.
Arobaini, nikasema.

Alimkuta Una Strachan, daktari wa mifugo,
gari lake limelala mtaroni kama ng'ombe aliyegoma,
mwenyewe kasimama katikati ya lami na tochi,
aproni bado ina damu ya uzazi wa ndama,
akililinda bamba la barafu
lisilozidi mkeka wa watu wawili.
Chemchemi ilikuwa imetoboa ukingo, ikavuka barabara, ikaganda.
Hakukuwa na mvua wala theluji. Hakuna aliyeiambia skrini.
Lori la maziwa lilikuwa nyuma yake kwa dakika ishirini.
Una alitaka kujua jambo moja tu, kama kuna mtu ana biskuti.

Asubuhi mkuu wa kitengo aliuliza arobaini ilitoka wapi.
Nilisema nilikosea kusoma.
Kuteleza si kuanguka, wanasema kwetu,
na aliyesema hajapita Tomintoul mwezi wa Januari.

Tumeilisha programu usiku ule, kila nukta, pamoja na pengo lake.
Tangu hapo, hata usiku wa joto na rasharasha,
pale penye chemchemi, ambayo imekwisha kuzibwa,
huweka asilimia thelathini na moja.
Wenzangu wanasema ina hitilafu.
Mimi naona imejifunza kutia chumvi.
Sijaisahihisha.